Jino Limeondoka na Mwanya wa Mama

Saluni ya Mlango wa Bluu,
Nyuma ya Soko.
Tarehe 14 Juni.

Mpendwa mdogo wangu Chiriku,

Shikamoo yako haijafika, lakini kwa kuwa najua ungenipa, najipokelea mwenyewe: marahaba. U hali gani huko? Shemeji hajambo? Na mpwa wangu, bado anasoma mpaka macho yanamtoka? Kile kiuno chako kilichokuwa kikilalamika kama redio mbovu kimenyamaza? Jibu yote, usiruke hata moja, maana wewe ukiulizwa mambo matatu hujibu la nne.

Sisi huku wazima. Magoti yangu yanapiga kelele nikiinama, lakini bado yananifikisha niendako. Wifi yako hajambo, ingawa tabia yake ya siku hizi inanitia wasiwasi, nitakueleza. Mjukuu wetu ameota meno mapya mawili na anayaonyesha kwa kila mpita njia, bila adabu hata kidogo.

Sasa kaa chini. Hakuna aliyekufa. Ni jino langu tu. Jino la mbele, la juu, upande wa kushoto, lile linalokaa dirishani.

Unajua nilivyokuwa nikifungua chupa za soda kwa meno. Watu walikuwa wanakuja nazo saluni makusudi, wananisifia, nami nafungua. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Siku hiyo muuza viatu wa mlango wa pili aliniletea chupa, akasema, "Mzee, hii imewashinda vijana wote." Nikauma, nikavuta. Kizibo kikabaki palepale. Jino likaruka, likagonga kioo, likadondoka nje kwenye mtaro wa maji machafu, na huo ukawa mwisho wa kuonana. Sina ushahidi, lakini kizibo kile kilikuwa kimebanwa na mtu. Muuza viatu anakana. Anakana haraka mno kwa mtu asiye na hatia.

Wewe unakaa ofisini, hujui adhabu ya kinyozi. Mbele yangu kuna kioo kuanzia asubuhi mpaka nafunga mlango. Mtu mwingine akipoteza jino anajiona mara moja anapopiga mswaki, basi. Mimi najiona kila ninapoinua mkasi. Kila nikifungua mdomo, namwona mzee mwingine ananichungulia, ana shimo katikati ya uso kama nyumba iliyoibiwa mlango.

Nikajifunza ujanja. Nikikata nywele, nakunja magoti kidogo ili kichwa cha mteja kiufunike mdomo wangu kwenye kioo. Wenye vichwa vikubwa nawapenda siku hizi kuliko ndugu. Mwenye kichwa kidogo namwambia anyooshe mgongo, nasingizia shingo yake imepinda.

Kuongea ndiko kulikokuwa kugumu zaidi. Nikisema "sasa", filimbi inalia. Nikisema "samahani", mate yanatangulia. Nikaona bora ninyamaze. Mimi, Chiriku! Mimi ambaye watu walikuwa wanakuja kunyolewa na nywele zenyewe hawana, wakifuata maneno tu. Saluni ikawa kimya, unasikia mkasi peke yake. Mteja mmoja, dereva wa lori, akanitazama kwenye kioo akasema, "Mzee, leo unaninyoa kama unaniosha maiti." Nilitaka kumjibu, jibu nilikuwa nalo, tamu kabisa. Nikalimeza.

Tangu hapo nawashuku wote. Wawili wakicheka pale benchi la kusubiri, wananicheka mimi. Wakinyamaza nikiingia, walikuwa wananicheka kabla sijaingia. Muuza matunda alinipa ndizi mbivu sana, laini, akaniambia ni zawadi. Zawadi! Mwanamke yule hajawahi kumpa mtu hata ganda.

Basi nije kwa wifi yako. Unamjua mdomo wake. Tangu nimuoe ameniita sura ya kiatu, masikio ya sufuria, na mengine ambayo karatasi hii haiwezi kuyabeba. Jino lilipotoka nikajiandaa, nikajua leo nitatukanwa mpaka jua lizame. Akanitazama. Akaenda jikoni. Akarudi na uji, akasema, "Kunywa taratibu, mume wangu." Mume wangu! Nikahisi amezungumza na daktari na kwamba nina siku chache za kuishi.

Akaendelea hivyo. Chakula laini, sauti laini, hata mlango anaufunga polepole. Nikavumilia, nikashindwa. Nikamwuliza mbona hanitanii. Akaendelea kukunja nguo zake, akasema, "Pengo ni lako. Nilikuwa nasubiri uanze wewe." Usiku huo nililala nimeugeukia ukuta, nikitafuta namna ya kulifanyia utani shimo langu mwenyewe, na sikuipata. Hapo ndipo nilipojua kwamba jambo hili limenikaa vibaya kuliko nilivyodhani.

Akanilazimisha kwenda kwa daktari wa meno. Ni binti mdogo, mkanda wangu wa suruali ni mkubwa kwake kwa umri. Aliling'oa gutu la mzizi lililobaki na sikusikia chochote, na kwa sababu hiyo nikaanza kumshuku. Mtu asiyekuumiza anataka kitu. Kweli, hajamaliza kunawa mikono ameanza kuniuzia.

Kuna jino la skrubu, akasema. Wanakutoboa mfupa wa taya, wanafunga skrubu, unasubiri miezi mfupa uishike, halafu wanaweka jino juu. Nikamwambia mimi si kabati. Kuna daraja: wanachonga meno mawili ya jirani, halafu wanaunganisha matatu kwa pamoja. Nikamwuliza hao majirani wamekosa nini. Kuna la kuvaa na kuvua, ambalo usiku unaliweka kwenye glasi ya maji, linakutazama umelala. Na kuna kukaa hivyohivyo na pengo, kitu ambacho si dhambi. Hilo la mwisho alilisema kwa sauti ndogo sana, nikajua ndilo lisilo na faida kwake.

Nikachagua la kuvaa na kuvua. Sababu yangu ni moja tu: kitu ambacho naweza kukitoa mdomoni mwangu mwenyewe bila ruhusa ya mtu, nakiamini kidogo.

Daktari akanipeleka kwa fundi wake wa meno, chumba cha nyuma. Ungekiona kile chumba! Rafu nzima imejaa vinywa vya plasta, vya juu na vya chini, vimepangwa vinacheka bila wenyewe. Nikamwuliza wenyewe wako wapi. Akacheka tu. Akanijaza mdomoni uji mzito unaoganda, nikakaa kama mjinga mpaka ukashika, akapata chapa ya kinywa changu. Akasema nirudi kulijaribu jino likiwa bado kwenye nta, kabla halijawa jino kweli.

Sasa ndiyo nafika kwenye jambo lenyewe, kwa hiyo usinipige chenga kwa kuruka mistari kama kawaida yako.

Nilirudi. Akanivisha ile nta, akanipa kioo cha mkononi. Nikamwona mzee mzuri sana. Meno yamejipanga mstari kama viti vya ukumbi. Mzee wa benki, mzee wa kutoa hotuba. Nikamkodolea macho, nikijiuliza nimeshawahi kukutana naye wapi. Fundi akasimama nyuma yangu, mikono kiunoni, amejaa fahari. Akasema, "Na ule uwazi wa katikati nimekuzibia, mzee wangu. Huo nimekupa bure."

Chiriku, alikuwa ameuziba mwanya. Mwanya wa mama.

Nilimwuliza, "Nani kakutuma?" Akashangaa. Akasema wengi wanalipa wazibiwe. Nikamwambia mimi nimekuja kuziba pengo, sikuja kuziba mwanya. Pengo ni ajali, mwanya nilizaliwa nao. "Watu wanaoa kwa ajili ya mwanya, wewe unaniletea ukuta?" Maskini, hakuwa mtu mbaya. Akaitoa nta, akachukua kisu chake kidogo, akasema, "Sawa, nitauacha. Ulikuwa na upana gani? Na jino lenyewe lilikuwa limekaaje?"

Nikafungua mdomo kumjibu. Sikujua.

Nimesimama mbele ya kioo maisha yangu yote ya kazi, na sikujua. Nilikuwa natazama nywele za watu. Najua lile jino lilikuwa limelala kidogo juu ya jirani yake wa upande wa shavu, kama mtu aliyesinzia begani kwa mwenzake, kama la mama na kama lako. Lakini lililala kiasi gani? Wifi yako anasema njiti ya kiberiti ilipita katikati. Mimi nasema haikupita, labda iwe imepasuliwa. Tuligombana jioni nzima, na nakiri nilifurahi, maana aliniita masikio ya sufuria kwa mara ya kwanza tangu ajali.

Tukatoa picha zote. Mimi harusini, mdomo nimefunga. Mimi nafungua saluni, mdomo nimefunga. Wapiga picha wa zamani walituambia tutulie, nasi tukatulia kama wafungwa. Mama naye ana picha moja tu, ile ya kitambulisho, midomo ameibana kana kwamba serikali ingemtoza kodi kwa meno. Mwanamke aliyetema mate kupitia mwanya ule yakamfika mwenye nyumba kwenye kofia akiwa upande wa pili wa uzio, hana hata picha moja inayouonyesha!

Kaka mkubwa, Mungu amrehemu, alichukua meno ya baba, yamebanana. Mwanya tulibaki nao mimi na wewe. Nikarudi kwa fundi, akasema hata meno ya ndugu wa tumbo moja yatamsaidia kupata ule mlalo. Nikamwambia aiweke nta pembeni, asiguse kitu, ninaye mdogo wangu.

Nikiwa njiani kurudi nyumbani nikakumbuka picha yako ya mwisho, ile ya sherehe ya kazini kwenu. Nikaitafuta. Nikaisogeza dirishani. Chiriku, wote waliokuzunguka wanacheka mpaka magego yanaonekana. Wewe umefunga mdomo kama mtu aliyeficha pipi. Wewe, uliyefukuzwa darasani kwa kucheka, ukatoka nje ukacheka zaidi.

Nikaichukua na ile ya kabla yake. Mdomo umefungwa. Na ile ya shemeji akiwa na gari jipya: umegeuka pembeni, unatazama gari. Na mpwa wangu, katika zote tatu, ana waya kwenye meno. Nilipoziona zamani nilidhani ni urembo wa huko. Sasa nimemwuliza yule binti daktari, na ameniambia kazi ya waya zile: kuyabana meno.

Kwa hiyo nakuuliza, na ndiyo sababu ya barua yote hii: umeuziba?

Au na wewe ulifungua soda?

Kama mwanya bado upo, nifanyie hisani. Keti mahali penye mwanga, mwambie mpwa wangu akupige picha ukicheka. Usinitumie kicheko cha ofisini kile, cha kuonyesha midomo tu. Mfikirie mwenye nyumba akiivua kofia yake, akiitazama mbingu kuona kama kuna ndege amepita, na mama ameshika ufagio, mtakatifu kabisa. Ukishindwa kucheka hapo, basi kweli huko mliko kuna ugonjwa. Akupige kwa mbele na kwa upande, fundi anataka zote mbili.

Kama haupo tena, niambie hivyohivyo. Usinitumie ya zamani kunifariji, nitaijua. Sitakuuliza kwa nini. Najua unakaa mapokezi, watu wanakutazama mdomoni siku nzima, na mimi ambaye nimeshindwa kuvumilia kioo kimoja sina kinywa cha kukulaumu. Na mtoto usimlaumu, waya zake amalize nazo salama, meno ni yake.

Nimeshawaza nitakavyofanya, ili usiandike kwa woga. Mwanzo nilisema ukiwa umeuziba nitabaki na pengo langu mpaka kaburini, kwa ubishi tu. Wifi yako akanitazama, akaendelea kuchambua mboga. Nimebadilisha. Ukiwa umeuziba, nitakwenda kwa fundi nimwambie airudishe ile nta yake ya kwanza, ile ya mzee wa benki, anitengenezee hiyo. Nitatembea nayo mjini, nitawacheka watu wote nayo. Mama hatakuwa katika uso wa yeyote kati yetu, lakini mimi na wewe tutakuwa tumefanana. Hilo sikubali lipotee.

Nisalimie shemeji, mwambie gari lake zuri lakini alipige picha peke yake. Mpwa wangu mwambie mjomba anamsubiri aje anyolewe na mtu anayejua kazi. Msalimie na yule mama jirani yako anayekupa mbegu za maua. Wifi yako anakusalimu, anasema ukijibu usinisifie. Mjukuu wetu anakusalimu kwa meno yake yote mapya.

Mungu akutunze, akupe usingizi mzuri na kicheko kisichofunikwa kwa mkono. Jibu haraka, fundi wa watu anasubiri.

Mimi ni kaka yako nikupendaye, vyovyote mdomo wako ulivyo,

Mkasi