Boliti Zinazobaki Kifunikoni

Wifi yangu Kalondu,

Pokea salamu za upendo kutoka Buruburu. Manyunyu hayajakatika tangu nifike, na ule muthokoi wa mahindi yaliyokobolewa na maharagwe uliotupa tunaula ukiwa moto.

Leo Mwende amenionyesha kazi yake kwenye kompyuta. Anachora masanduku ya chuma ya swichi za viwandani, ili gesi ikilipuka ndani, moto usitoke nje. Akaniuliza, "Mama, baba alipofungua masanduku kama haya kiwandani, alikuwa akirudisha boliti zote za kifuniko?"

Nikamwambia ukweli. "Alirudisha za pembe nne tu. Mafundi wote walifanya hivyo. Sanduku lilifunguliwa kila siku."

Akaziondoa boliti za katikati kwenye mchoro, akaipa programu nguvu ya mlipuko. Kifuniko kikavimba kati ya pembe na pembe, kikageuka chekundu.

"Picha imekuzwa ili tuone," akasema. "Mwanya wenyewe ni mwembamba kama ukucha. Lakini moto unapita."

Ndivyo ndugu yako alivyotutoka, wifi, kule kwenye kiwanda cha rangi.

"Sasa utawalazimishaje wazirudishe zote?" nikamuuliza.

"Nani amewahi kumlazimisha fundi, mama? Nitazifanya zilegee ili sanduku lifunguke, lakini zisitoke kabisa kwenye kifuniko. Zikining'inia mbele ya macho yake, atazikaza."

Muombee binti yetu, wifi. Kesho chuma cha sanduku la kwanza kinakatwa, na watakaolifunga ni watu wenye haraka kama ndugu yako.

Nakukumbatia,
Mama Mwende