Folda ya Kadhalika

Jumatatu, 3 Oktoba
Nimeanza usafi wa kabla ya kifo. Mama aliufanya, shangazi Ragnhild naye. Sitaki binti yangu Annelie arithi makorokoro. Makoti ya marehemu Sixten nimeyagawa, sweta la kijivu nimeshindwa. Nyaya zake na diski yake ndogo nyeusi nimezipeleka kituo cha taka. Kesho kompyuta.

Jumanne, 4 Oktoba
Mume wangu, Mungu amrehemu, hakujua kupanga vitu! Folda nzima ameiita "Kadhalika". Faili mia tatu — orodha za rangi za boti, sijui nini. Nani ana muda? Nikaifuta. Kompyuta ikauliza: una hakika? Ndiyo. Nikamwaga pipa la taka. Ikauliza tena: hazitarudi, una hakika? Kiherehere gani hiki! Nimekuwa mkunga miaka arobaini, siulizwi jambo mara mbili. Ndiyo! Kisha kahawa na andazi la mdalasini. Roho kwatu.

Alhamisi, 6 Oktoba
Annelie kapiga simu. Jumapili mwanawe Tuva anabatizwa, niende na kompyuta ya baba. Kumbe Sixten, wiki zake za mwisho, alijirekodi akimwimbia mjukuu aliyejua hatamwona. Akamwapisha Annelie asiniambie, nisije nikalia kabla ya siku yenyewe.
— Imo kwenye Kadhalika, mama. Alisema humo huwezi kuchungulia, unavyochukia fujo!
Akacheka. Nikasema sawa. Nimesema sawa! Nimekaa sakafuni jikoni mpaka miguu ikafa ganzi.

Ijumaa, 7 Oktoba
Fundi dukani kahangaika nayo kwa muda wa saa tatu. Ni mama mpole. Anasema zimekwenda, hata yeye hawezi kuzirudisha. Hakuna nakala mahali? akauliza. Ipo, nikasema. Kwenye diski ndogo nyeusi.
Kituo cha taka wamenionyesha kontena tupu.
Nimelia ndani ya basi, mbele ya watu. Sixten nimemzika mara ya pili, safari hii kwa mkono wangu mwenyewe.

Jumapili, 9 Oktoba
Sijamwambia. Nimevaa gauni la bluu, kompyuta nimeitia kwenye begi. Sijui kwa nini.
Annelie kapiga simu sasa hivi, yuko chini na gari. Nasikia Tuva akitoa vijisauti nyuma.
— Mama, umeibeba?
Nikasema ndiyo.
— Una hakika? Watu wote wanaisubiri.
Nikajibu haraka, kama kawaida yangu. Ndiyo.