Sikimbii Ndani ya Gunia

Jumamosi, 9 Novemba 1963
Nimekimbia tena baada ya sala ya alfajiri, ufukweni hapa Msambweni. Kutoka penye mikoko hadi kwenye mawe, kwa kasi yote. Kisha kutembea. Kisha tena. Kitambi kinapungua. Magoti yanalalamika, na yalalamike. Nina miaka arobaini na minne. Nilipokuwa askari, wakati wa vita, hakuna aliyenishinda yadi mia katika kikosi chetu.

Alhamisi, 14 Novemba
Nina hasira hata uzi hauingii kwenye sindano. Mwalimu Hamisi, mkuu wa kamati ya michezo ya sherehe za uhuru, amekuja dukani kuagiza bukta za wakimbiaji wake. Nikamwambia aniandike yadi mia. Akacheka. "Mzee wangu, nyinyi tumewawekea mbio za magunia. Watu wapate kufurahi." Kisha akaniomba niyashone hayo magunia, maana yametoboka.
Wafurahi nini? Mimi kuanguka kifudifudi?

Ijumaa, 15 Novemba
Bakari, rafiki yangu tangu chuoni tulikosomea Kurani, amekubali gunia. "Mchezo tu, Salimu." Nchi ndiyo kwanza inaanza, wanasema, na sisi tumeshakwisha. Nimemwacha na chai yake.

Jumanne, 26 Novemba
Paja la kushoto limekaza nikiwa mbioni. Nimerudi nachechemea. Mke wangu Mwanakombo amenikanda kwa mafuta ya nazi ya moto. Hakunionea huruma. "Kamwambie Hamisi mbele ya watu. Wewe kila siku wanipigia kelele mimi, na si mimi niliyekutia guniani."
Kweli. Imeniuma kuliko paja.

Ijumaa, 29 Novemba
Baada ya sala nimemkabili Hamisi nje ya msikiti. Watu wakasimama kusikiliza. Nimemwambia bukta zake zote ziko tayari, na nimeshona moja zaidi, yangu. Magunia atafute fundi mwingine. Akawatazama watu. "Haya, mzee, nitakuandika. Ukiumia usinilaumu."


Jumamosi, 14 Desemba
Yadi mia tulikuwa sita. Nilitoka vizuri kuliko wote. Hadi katikati sikumwona mtu mbele yangu. Kisha wakanipita watatu. Nimekuwa wa nne. Hamisi akapaza sauti, "Mpigieni makofi babu!" Wakapiga, huku wanacheka. Babu wa nani? Sina mjukuu. Nyuma yangu kulikuwa na vijana wawili wa miaka ishirini, na hao hakuna aliyewacheka.
Nimeondoka bila kunywa hata sharubati. Naandika na bado nimekasirika.

Jumatatu, 16 Desemba
Manyunyu. Sikukimbia, paja linauma.
Mchana Bakari amekuja dukani na suruali yake ya kaki. Anataka ikatwe juu ya magoti. Sikumuuliza ya nini. Nimempima kiuno. Amenenepa. Alikaa akinitazama nikikata, halafu akauliza kesho alfajiri naanzia wapi kukimbia.