Mfalme wa Wasaksoni na baba wawili wa Babu

Alhamisi. Mvua imejikusanya juu ya mtaa wetu wa Lubunga tangu asubuhi na haitaki kunyesha. Nimefagia uwanja mara mbili. Nimechemsha chai nikaisahau. Kila nikikaa, nainuka.

Mezani kuna karatasi mbili, na zote zinanisuta.

Ya kwanza ni somo la Jumatatu. Nafundisha historia, na juma hili tulikuwa na mfalme mmoja wa kale wa Wasaksoni wa Magharibi, kule ambako leo ni Uingereza. Alitawala miaka mingi akiwa mpagani, kisha uzeeni akabatizwa. Mfalme mwenzake aliyemsimamia ubatizo, yaani parrain wake, akamwoa binti wa huyo aliyebatizwa. Darasa likalipuka.

“Madame, parrain anaoa mutoto ya filleul yake? Aa, hapana!”

Kisha nikawaeleza ukoo wake. Waandishi wa zamani hawakubaliani baba yake alikuwa nani. Ukurasa huu unamtaja mmoja, ule unamtaja mwingine. Na waliotawala baada yake, wakitaka kiti kisitikisike, waliifunga nasaba kwa mungu wao wa kale. Ukristo ulipozoeleka wakaipandisha hadi kwa Nuhu na Adamu. Tulicheka sana. Mimi nilicheka kuliko wote.

Nyani haoni kundule.

Karatasi ya pili ni nasaba yetu. Jumamosi, kule kwetu Yanonge, Tonton Faustin, mdogo wake marehemu Papa, yaani baba yangu, anatarajia kukalishwa kwenye kiti cha ukoo. Sharti ni moja: awe damu ya mwanzilishi. Alinipa kazi ya kuandika orodha na kuisoma mbele ya watu: mwanzilishi, mwanawe ambaye ndiye Babu yetu, kisha wana wa Babu. Mimi ni mwalimu, alisema, wataniamini. Niliandika kwa fahari, nisidanganye.

Kosa langu ni kutaka kuhakikisha. Jumanne nilikwenda kwa Papa Lituka, mzee atakayepiga lokole siku hiyo, lile gogo ambalo kwetu husema maneno. Kwenye lokole mtu haitwi peke yake. Hupigwa jina lake, halafu la baba yake, halafu kijiji cha mama yake. Mzee akapiga jina la Babu polepole huku akinifafanulia, hadi akafika kwa baba. Hakuwa mwanzilishi. Alikuwa mvuvi wa Isangi ambaye sijawahi kumsikia.

“Koko yako alikuja na mama yake, anatambaa bado,” mzee aliniambia juu ya Babu. “Mwenye ukoo alimulea, alimupatia wavu, alimuita mutoto yake. Lakini jina ya lokole haibadilikake.”

Jana nilimwambia Tonton. Hakushtuka, na hilo ndilo lililoninyima usingizi. Alikuwa anajua siku zote.

“Soma vile nilikuambia. Bon, nani anasikia lokole leo?”

Ni kweli, vijana hawaielewi. Mimi mwenyewe siielewi. Lakini wapo wazee wachache wanaoielewa, na wengine wao ni wa nyumba nyingine ya ukoo, inayokitaka kiti hicho hicho. Lokole itamtaja baba mmoja, mdomo wangu utamtaja mwingine.

Naogopa. Si kwa ajili ya Tonton. Akikosa kiti atanuna mwezi mmoja, kisha atatafuta la kugombea jingine. Namwogopea Papa. Amezikwa kule, kwenye ardhi ya ukoo, na udongo wa kwanza niliutupa mimi. Wakisema sisi ni wageni, kaburi lile litakuwa la nani?

Kuzaa si kazi, kazi ni kulea. Tumelisema hilo kwenye kila harusi ya familia. Sijui kama kuna aliyewahi kulipima.

Adhuhuri nimeufuta mstari wa Babu nikauandika upya: alizaliwa na mvuvi wa Isangi, akalelewa na mwanzilishi wa ukoo huu. Baba wawili, mstari mmoja. Sijamwonyesha Tonton. Niliandika nikiuchungulia mlango kama mwanafunzi anayenakili mtihani, ingawa safari hii ndiyo nilikuwa nimeacha kunakili.

Jumamosi nitasimama nisome, na nikifika kwa Babu sitapunguza sauti. Kisha nitakwenda kukaa kando ya kaburi la Papa, nione ni nani atakayekuja kuniambia niondoke.