Kodi ya Fundi Usi

Mkunazini, Unguja
14 Septemba 1954

Kwa kaka yangu mpenzi Msabah,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute mzima huko Mombasa, wewe, wifi na watoto. Mimi sijambo, ila mafua yaliniweka ndani siku mbili tatu, na sasa yameondoka.

Barua yako nimeipata. Umeniamuru nimpandishie kodi Fundi Usi kutoka shilingi kumi na tano hadi arubaini, ili ashindwe, ahame, na chumba cha chini apewe rafiki yako Mmanga aweke mbata zake, nazi kavu za biashara. Kaka, nyumba hii mama alinipa mimi mbele ya mashahidi, na wewe ulikuwapo. Hata hivyo nilikutii, kama nilivyozoea tangu utoto. Nilivaa buibui, nikashuka, nikamwambia.

Mtu huyu anatengeneza saa chini ya miguu yangu mwaka wa kumi na sita sasa. Marehemu mume wangu alipofariki, yeye ndiye aliyekwenda kununua sanda kabla hatujamtuma. Wewe ulifika siku ya hitima, ukaulizia hati za nyumba. Nilipomtajia fundi hizo arubaini, nilidhani atagomba. Alisema tu, "Nshasikia, Bi Shemsa," akaomba wiki moja afungue rafu zake, kisha atarudi kwao Makunduchi. Na huko nani ana saa ya kumpelekea?

Siku mbili nzima nilimsikia aking'oa misumari, mmoja mmoja, polepole, asije akabomoa ukuta wangu. Mtu anafukuzwa, na bado anauonea huruma ukuta wa anayemfukuza! Nililia kwa hasira, na hasira zenyewe zilikuwa juu yako na juu yangu mwenyewe. Asubuhi nilimwita jirani yangu Bi Mwatum, nikamtuma chini na maneno ambayo kwetu mwanamke hayatumi.

Basi jua, kaka, mimi ndiye niliyemposa. Bi Mwatum anasema fundi aliangusha nyundo, akauliza mara mbili kama amesikia sawasawa. Alhamisi iliyopita tumeoana. Walii wangu ni wewe, najua, nami sikumficha kadhi kwamba uko Mombasa. Akaniozesha yeye, kwa kuwa uko mbali. Ningeweza kukuandikia kwanza na kungoja. Sikutaka. Utasema ni mtu wa shamba, utasema watu watatucheka. Wameshacheka, na biriani yetu wameila. Rafu zimerudi ukutani, na Mmanga atafute ghala kwengine.

Nisalimie sana wifi, na watoto wabusu kwa niaba yangu. Bi Mwatum anakusalimu. Shemeji yako naye anakusalimu kwa heshima zote. Yeye ni mpole kuliko mimi. Barua zangu zote nimekuwa nikizimaliza kwa kukuomba radhi. Hii siombi.

Ni mimi mdogo wako,
Shemsa binti Hija