Soksi Kwenye Njia ya Ndiva

Jumatatu, 3 Juni
Neema ameniosha tena. Binti yangu wa kumzaa ananigeuza kama gunia la tangawizi. Nachukia kutazamwa hivi. Na nani ataniamini? Mwanamume aliyekuwa akijivua nguo mbele ya wanawake alfajiri, walipokwenda kufungulia maji ya ndiva, bwawa letu la kumwagilia, ni mimi. Nimelificha hilo miaka yote. Alifukuzwa Yona, mlinzi wa ndiva. Mwenyekiti wa kikao kilichomfukuza nilikuwa mimi.

Jumatano, 5 Juni
Yona anaumwa huko Kileo, tambarare. Anaomba arudi, azikwe mlimani kwao. Wazee wamekataa. Eti mchafu yule hazikwi hapa! Wakaja kuniuliza mimi, hakimu mstaafu, msomi wao. Nikasingizia kikohozi. Mwoga.

Alhamisi, 6 Juni
Vitabu nilivisoma. Vinasema ni maradhi ya nafsi. Upuuzi. Sikutamani mwili wa mtu. Nilitaka ule mshtuko. Mahakamani waliinamisha vichwa mbele yangu, hakuna aliyenitazama. Pale njiani nilitazamwa. Walitupa majembe wakakimbia. Mmoja alilia. Mimi nikarudi nyumbani nikanywa chai.

Ijumaa, 7 Juni
Mama Namsifu, jirani, kaniletea uji. Neema alipotoka tu, akaanza kucheka.
"Baba Neema, mlinzi gani wa ndiva anavaa soksi?"
Uso niliufunika kwa kitambaa. Miguu niliisahau. Yona hakuwahi kuwa hata na viatu.
Nikamuuliza mbona hakusema.
"Ningeshtaki wapi? Kwako?"
Hasira ilinipanda. Si kwa kuwa alijua. Kwa kuwa alicheka. Miaka yote nilidhani nilimtisha.
Kisha akaacha kucheka. Akasema mdogo wake, yule aliyelia, hakwenda tena ndivani peke yake mpaka alipokufa. Akachukua bakuli lake, uji nikiwa sijaumaliza.
"Sema mwenyewe. Yona akifia huko, nitasema mimi."

Jumamosi, 8 Juni
Siwezi. Namchukia yule mwanamke. Namchukia Yona kwa kutokufa mapema. Haya, nimeandika.

Jumapili, 9 Juni
Nimewaita wazee baada ya ibada. Nimesema yote, Neema akiwa mlangoni. Fimbo ya mmoja ilianguka, hakuiokota. Wamekubali Yona arudi. Mtoto wa Mama Namsifu ameshuka na gari kumchukua. Neema alikwenda jikoni. Hakurudi.

Jumatatu, 10 Juni
Ukungu. Yona amefika. Hakuja kwangu, na ni haki yake. Neema ameniosha, uso kaugeuzia ukutani.
Watasema mzee alitubu kabla ya kufa. Waache waseme. Hapa niandike kweli. Jana, walipoinua macho wote kunitazama, vinywa wazi, nilisikia utamu ule ule wa njia ya ndiva.