Mwisho Niliomtungia Baba

Mpendwa Kaka,

Salamu nyingi zikufikie huko uliko, wewe na wifi na watoto. Natumaini mu wazima na lile jino lako limeacha kukusumbua. Sisi hatujambo, ingawa hatujambo hii ina mkia mrefu.

Baba ni yule yule. Ukuta wa karakana, pale ilipokuwa ikining'inia misumeno, sasa umejaa matangazo ya filamu zinazokuja. Kuna ya kinyozi anayemnyoa jambazi bila kumjua, kuna ya wanaanga waliosahauliwa huko juu, na juu ya zote ipo ya mwoka mikate, sehemu ya tatu. Wateja wakimuuliza vitanda vyao, anawajibu tarehe za filamu. Anasema filamu ambayo haijatoka haijamuudhi mtu.

Sehemu ya pili hukuiona. Ulikwisha kuondoka baada ya kurushiana maneno na Baba juu ya karakana. Humo kijana wa mwoka mikate anamtupia baba yake aproni na kwenda zake, na mzee anauacha mlango wa duka wazi. Baba alitoka ukumbini na siku hiyo hakula. Sikumuuliza kwa nini.

Mimi bado natafsiri filamu, yale maandishi ya chini ya picha. Nafanya kazi kabla hazijatoka, kwenye chumba cha mapazia mazito, simu nimemwachia mlinzi mlangoni. Tumekula kiapo kutosimulia lolote. Nikirudi nyumbani, Baba hunikagua uso kama mwalimu anayemtafuta mwizi wa chaki, kisha huziba masikio mwenyewe, nisije nikaropoka.

Sasa huo mkia. Baba aliugua moyo. Sikukuandikia, na hilo ni kosa langu la kwanza. Nilikuwa na hasira nawe. Siku ya kupasuliwa alikataa kutia sahihi. Daktari alimbembeleza, nesi akamtania, wapi! Kisha akaniita karibu, yeye mziba masikio, akaniuliza kama kijana wa mwoka mikate anarudi au harudi.

Filamu hiyo nilikuwa nimeimaliza juma lililotangulia. Nikamwambia anarudi. Akauliza anarudije. Nikamwambia anaingia bila kubisha hodi, anavaa aproni, anaanza kukanda unga, na hakuna anayemwomba mwenzake radhi. Baba akacheka mpaka nesi akamkataza. Akasema watoto wa kiume ndivyo walivyo, hata wa kwake. Akaomba kalamu.

Kaka, nilimdanganya. Kijana harudi. Mzee anamwambia jirani afunge mlango, baridi inaingia, na taa inazimwa. Maneno hayo niliyatafsiri mwenyewe huku nalia. Na kuna baya zaidi: Mungu anisamehe, nilidhani Baba hatatoka chumba kile cha upasuaji, na uongo wangu utazikwa naye.

Ametoka. Anakula, anagomba, amewasimulia wodi nzima mwisho ule, na amekata tiketi tatu za siku ya kwanza. Ya tatu hasemi ni ya nani. Kiapo cha kazi sijakivunja, maana nilichosimulia hakimo kwenye filamu. Ndiyo faraja yangu pekee, na ni faraja mbovu. Njia ya mwongo ni fupi, na yangu inaishia ukumbini, nimeketi kando ya mzee mwenye mshono kifuani. Nimejaribu kumwambia ukweli. Mdomo unagoma, mimi mnayeniita Kidomo!

Sikuombi umpigie magoti. Nakuomba uingie bila kubisha hodi. Aproni yako ya kazi iko kwenye msumari ule ule, nyuma ya mlango. Baba huikung'uta vumbi akidhani simwoni. Filamu inatoka Ijumaa ya mwisho ya mwezi ujao. Ukitangulia wewe, itakuwa filamu tu.

Nisalimie wifi, na watoto uwabusu. Baba hajui kwamba nimekuandikia.

Ni mimi mdogo wako, mwenye kosa,
Kidomo